Presha ya Mama

Shuleni, Molo
Jumapili, 11 Mei 2025

Mama,

Mwalimu wa Kiswahili anataka barua ianze kwa kuuliza afya. Mimi nitaanza na Waithera, kwa sababu ndiye ameibeba. Tuko naye Kidato cha Tatu, lakini yeye halali bwenini, anarudi kwao kila jioni. Mamake huleta viazi Nakuru kila Jumanne na amekubali kuifikisha hapo Free Area. Kwa hivyo haijapita mikononi mwa Madam Chesang, matroni wetu, ambaye husoma kila barua inayoingia na inayotoka. Leo peke yake naweza kukuandikia ukweli.

Ukweli ni kwamba sitaki uje siku ya wazazi, Jumamosi tarehe 7 Juni.

Sijui unakumbuka nini kuhusu Machi. Ulikuja na chupa ya soda ambayo haikuwa soda. Mkutano ukiwa katikati ukasimama kumuuliza mwalimu mkuu swali, na swali halikuisha. Ukazunguka, ukaenda kukaa mahali hapakuwa na kiti. Ukumbi mzima ulikuona ukianguka. Mimi ndiye nilikimbia mbele nikasema, "Ana presha! Presha yake imepanda!" Walimu wawili wakakuinua, wakakupeleka ofisini. Mmoja wao akaenda akafungua madirisha yote.

Tangu siku hiyo wasichana wananiuliza, "Presha ya mathako iko aje?" Wengine wanauliza kwa huruma. Wengine wanajua.

Mwambie Shangazi Nerima aje badala yako. Anaweza kusema una kazi nyingi kwa kituo cha maziwa, na hiyo si uongo. Mimi niko sawa. Naomba tu pedi na daftari mbili za hesabu.

Ukinijibu, jibu litapitia ofisini. Tafadhali usiandike pombe. Andika presha, nitaelewa.

Binti yako,
Mitchelle


Free Area, Nakuru
Jumapili, 18 Mei 2025

Mwanangu Mitchelle,

Barua yako ilifika. Aliyeibeba aliniletea mpaka mlangoni, akakataa hata chai, akasema anakimbilia viazi vyake. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena.

Nerima atakuja tarehe 7. Nimeshamwambia, na hakuuliza kwa nini. Pedi na daftari atakuletea yeye.

Nimeelewa kuhusu presha. Sasa acha nikuambie kitu juu yake.

Unajua kazi yangu pale Lanet. Mfugaji akileta mkebe, mimi nafungua, nanusa, napima, ndipo maziwa yamwagwe kwa tangi. Kuna mzee mmoja anaitwa Kihara, analeta mikebe miwili kila asubuhi na huwa haongei. Alhamisi nilikuwa nimeinama juu ya mkebe wake nikitafuna chingamu yangu, akasema polepole wengine wasisikie, "Mama Mitch, hiyo chingamu haisaidii. Mimi niliitafuna miaka sita."

Nilimwambia sijui anaongea kuhusu nini. Akasema, "Sawa." Akachukua risiti yake. Lakini kabla aende aliandika kitu nyuma ya ile risiti, akairudisha mezani. Kumbe ni maelekezo ya kliniki ya presha. Ni mjini, nyuma ya kanisa, Jumamosi saa nane mchana, mlango wa kijani.

Jana nilienda. Nilivaa ile suti yangu ya kitenge, kwa sababu nilifikiri mtu akiniona nitasema naenda harusi. Nyuma ya hilo kanisa kuna milango mitatu, na yote ni ya kijani. Nikagonga wa kwanza. Wakaniita ndani, wakanipa kiti, watu kama ishirini hivi, wote wazuri, wanacheka. Nikajiambia, kama wagonjwa wenyewe wako hivi, basi nitapona. Mwenyekiti akauliza, "Na huyu mama mgeni, ni wa upande gani?" Mimi sikujua kuna pande. Nikasema, "Mimi ni wa presha." Wakaangaliana. Kisha mama mmoja akasema kwa furaha, "Wa Precious! Ni wa upande wa bibi harusi!" Wakanipigia makofi.

Mitch, ilikuwa kamati ya harusi. Nilikaa dakika arobaini. Nilishindwa kutoka. Nikajitolea kuleta sufuria mbili kubwa na kusimamia wali.

Nilipotoka, mlango wa kliniki ulikuwa umefungwa, watu wameshaenda. Jumamosi ijayo nitarudi. Nimeambiwa ni mlango wa mwisho, ule una alama ya mkono wa mtoto kwa rangi nyeupe.

Soma vizuri.

Mama yako,
Edinah


Shuleni, Molo
Ijumaa, 23 Mei 2025

Mama mpendwa,

Nimepokea barua yako na asante kwa kunijulisha kuhusu kliniki. Hii yangu inapitia kwa Waithera.

Madam Chesang aliisoma. Aliniita ofisini akaniambia nikushauri upunguze chumvi, utembee jioni, na uache kula nyama ya kuchoma. Nikasema asante Madam. Nikatoka pale nikaenda nyuma ya bafu nikacheka mpaka Waithera akafikiri nalia.

Halafu nikaacha kucheka. Mama, niambie tu kwa njia yoyote unayoweza. Hiyo ni presha ile ninayoijua, ama daktari amekupata na presha ya kweli? Nimeisoma mara tano na bado sijui.

Na kama ni ile ninayoijua, si ni juzi tu Desemba ulisimama kanisani mbele ya pasta ukasema umepona? Watu wakaimba. Ilipofika Krismasi nilikufunika kwa kochi.

Nasema tu ili usinichekeshe na harusi kama hakuna kitu nyuma yake.

Nasubiri jibu.

Binti yako,
Mitchelle


Shuleni, Molo
Jumapili, 8 Juni 2025

Mama,

Hii pia nimempa Waithera.

Wiki mbili zimepita. Hukujibu. Kila siku wakisoma majina ya wenye barua, mimi nasimama pale kama mjinga.

Jana Shangazi Nerima alikuja. Alileta kila kitu nilichoitisha na chapati kumi, na alinisifu kwa alama zangu za Kemia. Nikamuuliza, "Mama ako wapi?" Akasema, "Ako sawa, ana kazi tu." Nikamuuliza tena. Akaanza kupanga chapati upya ndani ya sahani, na zilikuwa zimepangika. Unamjua Shangazi hawezi kudanganya. Anaangalia chini na masikio yanaenda kama yanasikiliza kitu kingine.

Kwa hivyo nimejua. Hukuenda kliniki yoyote. Ama ulienda siku moja, ukatoka ukapitia pale pa kawaida. Nashangaa ni kwa nini bado naumia.

Tukifunga kwa midterm tarehe 26 sitakuja Free Area. Nitaenda kwa kina Waithera, mamake amekubali. Usinitafute. Usimtume Shangazi.

Mitchelle


Lanet, kwa Nerima
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mitchelle mwanangu,

Sitaandika presha tena. Naandika pombe. Barua hii itapitia ofisini kama zingine, na kama Madam Chesang ataisoma, basi Madam, karibu usome. Mimi ni Edinah, mama yake Mitchelle, na mimi ni mlevi. Siku ile ya Machi mtoto wangu aliwadanganya nyote kwa sababu yangu. Yeye hana makosa.

Mitch, sijakunywa tangu tarehe 24 Mei. Nilikuwa hospitali.

Acha nikueleze kwa mpango. Ile Jumamosi niligonga ule mlango wa mwisho. Mzee Kihara ndiye alifungua. Kilikuwa chumba cha Sunday School. Ukutani kuna picha ya twiga na namba moja mpaka kumi, na viti ni vile vidogo vya watoto, kwa hivyo watu wazima kumi na mmoja walikuwa wamekaa magoti yakifika kidevuni. Nilitaka kucheka. Kisha nikawaangalia nikaona kuna mwanaume mwenye suti na koti la ofisi, kuna kijana wa bodaboda, kuna mama mzee amefunga leso. Wote kwa hivyo viti.

Sikuulizwa ni wa upande gani. Nilipewa chai. Hakuna daktari, hakuna pasta, hakuna mtu wa kuhubiri. Mtu anasema jina lake, anasema imekuwaje, wengine wanasikiza, wanamwambia asante. Mambo ya watu wale sitayaandika hapa, tulikubaliana yanabaki kwa hicho chumba. Lakini kuna mmoja, Nyakio, ameniruhusu nikutajie jina lake. Ana kitalu cha miche hapa Lanet. Alisema alikuwa akificha chupa ndani ya gunia la mbolea, na siku moja mumewe akapanda mahindi na chupa. Watu walicheka, na yeye alicheka, na mimi nikashangaa kwamba hii kitu inaweza kuchekwa na mtu asife.

Mimi sikuongea. Nililia tu. Nyakio aliniandikia namba yake kwa kiganja.

Nilitoka pale nimeamua. Nikafika nyumbani nikamwaga zote kwa sinki, hata ile ya nyuma ya unga ambayo mimi nilifikiri huijui, na wewe ulifikiri sijui kwamba unaijua. Nikajifungia. Jumapili nilitapika. Jumatatu nikaenda kazini kwa sababu sikutaka mtu aseme. Mikono ilikuwa inatetemeka, sikuweza kushika kile kijiko cha kupimia. Nikaona siafu wakipanda ukuta. Hakukuwa na siafu. Nikamwambia Mzee Kihara, "Ondoa mkebe wako, siafu wataingia." Hicho ndicho kitu cha mwisho ninachokumbuka.

Wanasema nilianguka nikapigwa na kifafa pale kwa sakafu, kati ya mikebe. Mzee Kihara ndiye aliyejua ni nini. Aliwaambia, "Msimwekee kijiko mdomoni, mlalisheni kando, leteni gari." Akampigia Nyakio. Wakanipeleka wodi. Daktari aliniambia baadaye kwamba mtu aliyekunywa kama mimi, miaka yote hiyo, haachi kwa ghafla peke yake nyumbani. Anaweza kufa akiacha, kama vile angekufa akiendelea. Kuna dawa za kumshusha polepole. Mimi sikujua. Hata wale wa mkutano wangeniambia, kama ningefungua mdomo nikasema nakunywa kiasi gani.

Siku saba wodini. Kalamu sikuweza kushika, maandishi yangu yalikuwa kama kuku amepita. Nilipotoka Nerima alinichukua, na niko kwake mpaka sasa. Mimi ndiye nilimwambia asikwambie. Nilijua una mitihani, nikaona ni heri usome kwanza. Na kuna sababu nyingine. Nilitaka nikuandikie nikiwa na siku nyingi za kutaja, si tano au sita. Nilikuwa nakusanya siku kama mtu anayetaka kuja na zawadi. Sikufikiria kwamba wewe huko unahesabu siku zako. Hiyo ilikuwa makosa, na nimemwambia Nerima pole kwa kumweka katikati.

Kuna jambo moja hujawahi kulijua, na nataka ulisikie kwangu. Pale kazini tunapima maziwa kwa spiriti. Unachanganya kidogo na maziwa kwa kikombe, yakiganda unajua yameharibika, unamrudishia mwenyewe. Ile spiriti iko kwa mtungi mezani kwangu kila siku. Tangu mwaka jana, asubuhi nyingine, nilikuwa nainywa kidogo na kuongeza maji. Kwa hivyo kuna siku nilipokea maziwa mabaya, na kuna siku, kichwa kikiwa kizito, nilikataa mazuri ya watu. Wiki hii nilienda kwa meneja, Kiprugut, nikamwambia yote. Nilikuwa nimebeba koti langu la kazi nimelikunja, nimrudishie. Hakulichukua. Akauliza, "Umeenda hospitali?" Nikasema ndiyo. "Na kuna mahali unaenda sasa?" Nikasema Jumamosi saa nane. Akasema, "Spiriti hutagusa tena. Mezani nitaweka mtu mwingine, wewe utaosha mikebe mpaka tuone." Kwa hivyo sasa naosha mikebe, Mitch, kwa gumboots, maji yanachemka, mvuke kila mahali. Sijawahi kupenda kazi hivi.

Sitasema nilikunywa kwa sababu baba yako alituacha. Nilianza kabla hajaenda.

Midterm nenda kwa kina Waithera kama umeamua. Ni haki yako na sitamtuma mtu. Lakini nitafungua nyumba ya Free Area tarehe 26, nitapika, na mlango utakuwa wazi.

Mama yako,
Edinah


Shuleni, Molo
Jumanne, 17 Juni 2025

Mama,

Madam Chesang aliniita jana baada ya prepu ya jioni. Barua yako ilikuwa juu ya meza, imefungwa kwa seloteipu. Alisema, "Nilifungua kama kawaida. Nikasoma mpaka mahali mama yako ananikaribisha. Nikafunga. Hiyo ilikuwa ya kwako." Kisha akasema, "Na mimi si mtoto, Mitchelle. Machi nilikuwa kwa ule ukumbi."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniambia mambo ya chumvi. Akasema, "Ungetaka nikuambie nini? Wewe ulisema presha, nikakuachia presha yako." Alinipa kiti chake nikasoma hapo hapo, yeye akaenda kukagua bweni. Aliporudi nilikuwa nimelia mpaka kamasi zimefika kwa sketi. Akanipa tishu, akaniambia barua zako hatafungua tena.

Mama, unakumbuka ile nilikuandikia kwamba nimejua? Sikuwa nimejua kitu. Ulikuwa ndio umetoka wodini na mimi nakuandikia maneno yale. Pole.

Na kwa sababu umeniambia ya spiriti, acha na mimi nikuambie yangu. Mwaka jana, ile wiki ulipotea siku mbili, nilipiga magoti nikamwomba Mungu akuchukue. Nilisema, kama ni kumchukua mchukue tu, ili nijue. Kisha ukarudi na kiatu kimoja na nikakupikia uji. Nimekaa na hiyo kitu mwaka mzima. Ukisikia vibaya nitaelewa.

Nitakuja tarehe 26. Nimemwambia Waithera asikasirike, akasema mamake tayari alikuwa amesema nitabadilisha nia.

Lakini nikikuja nitakagua kabati. Nakuambia mapema. Sitaweza kulala bila kukagua.

Mitchelle


Free Area, Nakuru
Jumanne, 1 Julai 2025

Mwanangu,

Nyumba imekuwa kubwa tangu urudi shule Jumapili. Nimepata soksi yako moja chini ya kochi, nimeifua.

Kuna maneno sikukuambia tukiwa pamoja, kwa sababu tukiwa pamoja tunaanza kupika na kubishana kuhusu redio. Mimi naona tunaambiana vizuri kwa karatasi.

Kwanza. Ile sala yako. Nimeisoma na sijasikia vibaya. Mitch, mimi pia niliomba hiyo hiyo. Asubuhi nyingi, kabla hujaamka, nilimwambia Mungu anichukue ili upumzike. Tulikuwa tunaomba kitu kimoja ndani ya nyumba moja, vyumba viwili. Nashukuru hakutusikiza.

Pili. Ijumaa asubuhi nilikusikia ukikagua. Nilikuwa macho kitandani. Nilisikia ukifungua kabati ya juu, ukisogeza sufuria, ukiinua mfuniko wa tangi la choo, ukikoroga unga na mwiko. Nilitaka kutoka nikuambie hakuna kitu. Lakini nikakumbuka ni mara ngapi nilikuambia hakuna kitu. Kwa hivyo nikalala, nikakusikiza ukimaliza. Kisha ukawasha jiko la chai. Huo mlio wa kiberiti, sijui nikuambie aje. Nilifunika uso kwa blanketi na nikacheka.

Tatu. Asante kwa Jumamosi. Nilifikiri utakataa kuja mkutanoni, ingawa ilikuwa siku ya kuja na watu wa nyumbani. Nilikuona ukikaa kwa kile kiti kidogo, wewe ndiye pekee kilikutosha vizuri. Nilikuwa nimejitayarisha kuongea na nikasahau yote. Nikasema tu, "Naitwa Edinah, huyu ni binti yangu, na leo ni siku thelathini na tano." Niliogopa kukuangalia. Nyakio ndiye aliniambia baadaye kwamba ulipiga makofi kabla ya watu wote.

Nimerudi kulala hapa nyumbani. Usiku nalala mpaka asubuhi. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kulala bila kuanguka kwanza.

Kuna siku ngumu. Jana jirani alifanya sherehe, harufu ikaingia dirishani, nikavaa viatu nikatembea mpaka kwa Nerima. Tulikula ugali na mrenda, hatukuongea juu yake. Nikarudi ikiwa imeisha.

Soma kwa bidii, na uniandikie hata kama hakuna habari.

Mama yako


Shuleni, Molo
Jumapili, 20 Julai 2025

Mama,

Ulisema niandike hata kama hakuna habari, na sasa habari unazijua zote kuliko mimi, kwa sababu wakati mwingine nilikuwa nimelala usingizi wa dawa. Lakini kuna upande wangu hujausikia.

Kidonda cha upasuaji kinaendelea vizuri. Matroni ananibebea ndoo, na sikubaliwi kukimbia mpaka muhula ujao. Waithera ameninakilia daftari zote.

Ile Jumanne, tarehe 8, tumbo lilinishika nikiwa paredi. Madam Chesang alinipeleka hospitali kwa gari lake. Daktari akanibonyeza upande wa kulia nikapiga kelele, akasema ni apendiksi na lazima nipasuliwe leo, mzazi aje aweke sahihi. Madam akaniangalia. Najua alichokuwa anauliza. Alikuwa anauliza apigie nani, wewe ama Shangazi.

Zamani singefikiria hata mara moja. Ilikuwa saa mbili asubuhi, na saa mbili asubuhi nilijua uko vipi. Nilikuwa nimeshika kitanda, jasho linanitoka, na nikasema, "Piga mama." Nikamtajia namba yako. Alipokuwa anapiga niliogopa kuliko nilivyoogopa kisu. Nikahesabu simu ikilia. Ikalia mara mbili tu. Nikasikia sauti yako ikisema, "Haloo, Edinah hapa, nani mwenzangu?" Wazi kabisa, kama mtu wa redio. Madam akaeleza. Wewe ukauliza, "Ameshakula kitu leo? Mwambieni asinywe hata maji. Nakuja." Madam akafunga simu akasema, "Anakuja." Kisha akageuka kuangalia dirishani muda kidogo.

Ulifika kabla ya saa tano. Wakati huo sikujua kwamba Kiprugut alikupa pikapu ya kituo na dereva. Nilichoona ni wewe ukiingia wodini na gumboots nyeupe, koti limelowa mpaka viwikoni, nywele zimesimama. Daktari akauliza, "Nani mzazi hapa?" Ukasema, "Mimi." Akakupa karatasi. Nilikuangalia ukisoma kila mstari, kidole kikifuata maneno. Ukamuuliza swali, na hilo swali likaisha. Ukaweka sahihi na mkono haukutetemeka. Kisha ukaniinamia, ukaweka shavu lako kwa shavu langu, ukasema, "Niko hapa, mama. Siendi mahali."

Sasa hiki ndicho kitu nilitaka kukuandikia, na sikuweza kukisema zile siku kumi nilizokuwa nyumbani ukinikandia maji moto.

Tangu nikiwa darasa la tano, kila ukinikaribia, mimi huvuta hewa kwanza, natafuta harufu. Hata kabla sijasikia unasema nini. Nilikuwa nafanya hivyo ukinisuka nywele, ukinikumbatia, ukinipa sahani. Nilifanya hivyo hata midterm, siku ile nilishuka stendi ukanishika mkono. Ni kama kupepesa macho, sikuwa najua tena kwamba nafanya.

Ile siku walinisukuma mpaka mlango wa upasuaji. Ulitembea kando ya kitanda mpaka walipokukataza. Milango ikafungwa, taa zikawa juu yangu, nesi mmoja akaniambia nihesabu kutoka kumi kurudi nyuma. Nikaanza. Nilipofika saba, ndipo nikagundua kwamba uliniinamia na mimi sikukunusa.

Binti yako,
Mitchelle